Sura ya Tano: Nani wa Nani

Kidato cha pili, mwalimu wetu wa kemia alifungisha ndoa ya sodiamu na klorini. Alichora duara mbili ubaoni, akazizungushia maganda, akapanga elektroni kwa nukta za chaki. Bwana harusi alikuwa sodiamu: elektroni 11, mbili ndani, nane katikati, na moja peke yake nje. Bibi harusi alikuwa klorini: elektroni 17, mbili, nane, kisha saba nje, amepungukiwa moja tu kutimiza nane. Mshale ukatoka kwa bwana kwenda kwa bibi. "Mahari hiyo," alisema mwalimu, na wasichana wa dawati la mbele wakapiga kigelegele. Chini yake akaandika NaCl, akapigia mstari.

Nyuma kabisa akanyoosha mkono mwenzetu ambaye mama yake alikuwa akipima chumvi ya mawe kwa kopo sokoni.

"Mwalimu, kwenye punje moja ya chumvi zimo ndoa ngapi? Na wakishasongamana hivyo, utajuaje nani wa nani?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, akasema hilo haliji kwenye mtihani, akafuta ubao. Kweli halikuja. Lakini majibu yote niliyokariri mwaka ule yamenitoka kichwani, na swali lile limebaki. Sura hii inalijibu.

Wenyewe kabla ya chumvi

Sodiamu halisi ni metali laini. Unaikata kwa kisu kama sabuni ya mche. Ukiikata, uso wake hung'aa kama fedha kwa muda mfupi, kisha hufifia, kwa sababu hewa imekwisha kuushambulia. Ndiyo maana maabara huihifadhi ndani ya mafuta. Kipande kidogo kama punje ya choroko kikitumbukia majini huyeyuka kikawa kitufe cha mviringo, hukimbia huku na huko juu ya maji kikichachatika, na pengine hushika moto. Hakuna mtu aliyekuwa ameitia machoni metali hii hadi mwaka 1807, pale Humphry Davy, kwenye Royal Institution ya London, alipopitisha umeme wa betri ndani ya kostiki soda. Kostiki soda ni ile ile wanayotumia watengeneza sabuni.

Klorini ni gesi ya kijani inayoelekea njano. Carl Wilhelm Scheele aliitoa mara ya kwanza nchini Uswidi mwaka 1774. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungua mitungi ya gesi hiyo wakati upepo ukielekea kwa adui, na askari wengi wakafia mahandakini wakitafuta pumzi.

Hapo ndipo masimulizi mengi ya chumvi hukomea: sumu mbili zimezaa kiungo cha mboga, tustaajabu, tuendelee. Tukiishia kwenye mshangao hatujaeleza kitu. Kilichomo kwenye kibakuli cha chumvi si metali ile wala gesi ile. Ukali wote wa sodiamu unatokana na elektroni yake moja ya nje. Ikishaondoka, inabaki chembe yenye protoni 11 na elektroni 10, maganda yake yametimia kama ya gesi ya neoni, nayo imebeba chaji moja chanya. Ukali wa klorini ni njaa ya elektroni moja. Ikishaipata, inakuwa na protoni 17 na elektroni 18, maganda yametimia kama ya agoni, nayo imebeba chaji moja hasi. Chembe iliyopoteza au kupata elektroni huitwa ioni. Ulimi wako umekuwa ukionja ioni za sodiamu kila siku ya maisha yako; sodiamu metali haujawahi kuigusa, na omba usiiguse.

Ukitaka kuiona sodiamu yenyewe ikichungulia, ngoja siku maji ya wali uliokwisha kutiwa chumvi yafurike sufuria na kudondokea jiko la gesi. Mwali wa buluu unageuka njano ghafla. Katika joto lile baadhi ya ioni hunyakua elektroni, zikawa atomu za sodiamu kwa kitambo kidogo sana, na atomu hizo zilizopashwa moto ndizo zinazotoa ile rangi. Maji yakikauka, mwali unarudi buluu.

Biashara yenye hasara

Nukta alizochora mwalimu zina mwenyewe. Mmarekani Gilbert Lewis alichapisha wazo la kuziwakilisha elektroni za nje kwa nukta mwaka 1916. Mwaka huo huo Mjerumani Walther Kossel alieleza kwamba atomu za metali hupoteza elektroni na atomu za simetali huzipata, mpaka zote zifanane na gesi adimu kama neoni na agoni, kisha chaji zao tofauti zikavutana. Mvutano huo ndio kifungo cha ioni.

Kutokana na maelezo hayo tulifundishwa sentensi moja ambayo wanafunzi huikariri mpaka leo: sodiamu inataka kutoa, klorini inataka kupokea. Sentensi hii ina nusu ya ukweli, na hesabu itatuonyesha nusu ipi.

Kuing'oa elektroni ile ya nje kutoka kwenye sodiamu kunagharimu. Protoni 11 zinaivuta, haitoki kwa hiari. Ukichukua atomu za sodiamu za gramu 23, zikiwa zimetawanyika kama gesi, na kuing'oa elektroni moja kutoka kila atomu, utatumia kilojuli 496. Sasa zipe elektroni hizo atomu za klorini zenye idadi ile ile, gramu 35.5. Klorini inazipokea vizuri na kukurudishia nishati, lakini kilojuli 349 tu. Umenunua kwa 496, umeuza kwa 349. Hasara ni 147. Mfanyabiashara wa namna hii angefunga duka wiki ya kwanza.

Kwa hiyo sodiamu haina hamu yoyote ya kutoa, na mahari peke yake haielezi harusi. Faida inapatikana baada ya elektroni kuhama, pale ioni zinaposogeleana. Chanya inavuta hasi, na kadiri zinavyokaribiana ndivyo nishati inavyotoka. Hata zikiwa mbili tu, mvutano wao unatosha kufidia hasara ile na kuacha chenji. Lakini hazibaki mbili. Ioni ya sodiamu inavuta pande zote, mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, na haina sababu ya kumtambua jirani mmoja na kuwakataa wengine. Klorini nyingine inakuja, na nyingine, kila moja ikija na sodiamu zinazoizunguka. Gramu zile 58.5 za ioni zikijikusanya hivi zote pamoja, zinatoa kilojuli 787. Ondoa 147 za hasara, zinabaki 640.

Ili usiziache tarakimu hizi zikielea hewani: gramu 58.5 za chumvi ni kama vijiko vitatu vya chakula, na kilojuli 787 zinatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji kutoka baridi ya kawaida. Hicho ndicho kiasi cha nishati kilichofungia vijiko vitatu vya kitu tunachokinyunyiza kwenye embe bichi bila kukifikiria. Na anayeikuza faida hiyo ni umati.

Ubao wa drafti

Mwaka 1913 William Bragg na mwanawe Lawrence, huko Uingereza, walipitisha miale ya eksirei ndani ya fuwele za chumvi. Miale ilitawanyika kwa pembe maalumu, na kutokana na pembe hizo wakapiga hesabu ya mahali ilipokaa kila chembe. Walichokikuta ni mpangilio ambao mcheza drafti yeyote wa kijiweni angeutambua: sodiamu, klorini, sodiamu, klorini, kama miraba myeusi na myeupe ya ubao, kisha ubao juu ya ubao, rangi zikipishana kwenda juu vilevile. Kila sodiamu imezungukwa na klorini sita. Kila klorini imezungukwa na sodiamu sita. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915, na Lawrence alikuwa na umri wa miaka 25.

Jambo lililowakera baadhi ya wanakemia wa zama hizo ni kile ambacho akina Bragg hawakukikuta. Hawakukuta jozi. Henry Armstrong, mwanakemia mzee na maarufu wa Uingereza, aliandika kwenye jarida la Nature mwaka 1927 akiitetea chumvi dhidi ya ubao huu wa sataranji, kwa maana yeye aliona ni upuuzi kwamba ndani ya NaCl hakuna molekuli inayoitwa NaCl. Lakini hakuna. Ukiishika klorini moja na kuiuliza mwenzako yuko wapi, ina sita za kukuonyesha, zote kwa umbali ule ule.

Chukua punje ya chumvi laini ya mezani, yenye ubavu wa robo tatu hivi ya nusu milimita. Kwenye ubavu mmoja tu zimepangwa ioni zaidi ya milioni moja. Zidisha ubavu kwa ubavu kwa ubavu, utapata ioni zaidi ya milioni milioni milioni. Ndani ya umati huo wote mpangilio ni uleule, na ndiyo maana punje yenyewe, ukiitazama kwa kioo cha kukuza, ina umbo la dadu. Kona zake za mraba ni drafti ile ile ya ioni, imekua mpaka jicho likaweza kuiona.

Tabia nyingine za chumvi zinafuata hapo hapo. Weka bonge la chumvi ya mawe juu ya kinu kilichopinduliwa, ulipige kwa mchi pigo moja kavu. Halikunjiki wala halibonyei kama msumari wa chuma. Linapasuka, na vipande vyake vina nyuso bapa zinazometa. Pigo limeusogeza mstari mmoja wa ioni hatua moja pembeni. Sasa chanya imekutana uso kwa uso na chanya, hasi na hasi, na zilizokuwa zinavutana zinasukumana. Fuwele inaachana pale pale. Metali haifanyi hivyo kwa sababu elektroni zake za nje hazina mwenyewe, zinazungukazunguka kati ya atomu zote, na safu zikisogea elektroni zinafuata.

Joto nalo linasimulia. Sodiamu metali huyeyuka kabla maji hayajachemka, kwenye nyuzi 98 za Selsiasi. Klorini ni gesi hata kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Chumvi, iliyotokana na wote wawili, haiyeyuki kwa moto mpaka nyuzi 801, kwa kuwa kuiyeyusha ni kuzilegeza ioni ambazo kila moja imeshikwa na sita.

Na kama chaji zikiongezeka? Magnesiamu inapoungua hewani hupoteza elektroni mbili, na oksijeni inapokea mbili. Oksidi ya magnesiamu ina drafti ile ile ya chumvi, lakini sasa ni chaji mbili dhidi ya mbili, na mvutano kati ya majirani walio umbali sawa unakuwa mara nne. Haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 2,800, na kwa sababu hiyo hutengenezwa matofali ya kujengea ndani ya tanuri za kuyeyushia chuma. Chokaa mbichi itokayo kwenye tanuri za matumbawe za pwani yetu ni ndugu yake wa karibu: kalsiamu yenye chanya mbili na oksijeni yenye hasi mbili.

Daftari lazima lisawazike

Kama hakuna jozi, basi NaCl iliyopigiwa mstari ubaoni ina maana gani? Ni uwiano. Inasema kwamba katika fuwele hii, kubwa au ndogo, kwa kila sodiamu kuna klorini moja, ili jumla ya chaji iwe sifuri. Fuwele haivumilii deni. Chanya zikizidi, zinasukumana na kusambaratika.

Ukiishika kanuni hiyo, fomula nyingi hazihitaji kukariri. Kalsiamu hupoteza elektroni mbili na klorini hupokea moja moja, kwa hiyo kila kalsiamu inahitaji klorini mbili: CaCl₂. Alumini hupoteza tatu na oksijeni hupokea mbili. Daftari linasawazika zikiwa alumini mbili kwa oksijeni tatu, maana sita zimetoka na sita zimeingia: Al₂O₃. Magadi unayotia kwenye maharage ili yaive upesi yana kundi la kaboneti, kaboni moja na oksijeni tatu zilizoshikana na kubeba chaji hasi mbili, kwa hiyo yanahitaji sodiamu mbili: Na₂CO₃. Herufi hizo Na, kwa njia, hutokana na natrium, jina lililozaliwa na natron, magadi ya Misri ya kale. Ziwa Natron la Tanzania limebeba jina hilo hilo, na jirani yake ng'ambo ya mpaka, Ziwa Magadi la Kenya, limebeba tafsiri yake.

Tahadhari moja. Tunasema metali na simetali huungana kwa ioni, na kwa metali kama sodiamu, potasiamu na kalsiamu hilo ni kweli kabisa. Lakini alumini ikiungana na klorini, zao lake hugeuka mvuke kwenye nyuzi 180 tu, jambo ambalo chumvi haifanyi. Ioni ya alumini ni ndogo na ina chaji tatu. Inazivuta elektroni za klorini mpaka zinakuwa kama mali ya wote wawili. Kati ya kutoa kabisa na kugawana kuna njia ndefu yenye vituo vingi, na mwaka 1932 Linus Pauling alitoa kipimo cha kupima kila kampaundi imesimama kituo gani.

Bwawani

Sasa twende pwani wakati wa kiangazi, kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo au Pemba, au upande wa Kenya, Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana yenye kina kifupi, jua na upepo vikaachiwa kazi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za kila aina, na kama gramu 27 kati ya hizo ndizo chumvi yetu ya mezani. Maji yakipungua, za kwanza kutua chini ni chumvi za kalsiamu. Maji yanahamishiwa bwawa jingine. Yakibaki takriban sehemu moja ya kumi, ndipo chumvi yenyewe inapoanza kuzaliwa.

Chuchumaa ukingoni uitazame. Juu ya maji mazito, siku upepo umetulia, vinatokea vijisahani vya mraba, vyepesi, vimeelea. Kila kimoja kinaongezeka kwenye kingo zake kuliko katikati, kwa hiyo kinakuwa kama piramidi tupu iliyopinduliwa, ngazi kwa ngazi, mpaka kinaelemewa na kuzama. Baadaye watu watapita na majembe ya mbao wakikusanya marundo meupe, na maji machungu yanayobaki, yenye chumvi za magnesiamu, yatamwagwa. Wakichelewa kuyamwaga, magnesiamu inaingia ndani ya chumvi, na mnunuzi ataijua wakati wa masika, kwa kuwa hiyo hunyonya unyevu wa hewa mpaka chumvi ikashikana ndani ya kopo. Hata chumvi safi huanza kutota unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, na miji ya pwani inafika huko bila shida. Ndiyo sababu ya zile punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi.

Kilichonishtua nilipokielewa ni hiki: kwenye bwawa lile hakuna elektroni hata moja iliyohama. Sodiamu iliyomo baharini ilitoka zaidi kwenye miamba. Mvua imeitafuna milima, mito ikaleta ioni zake. Klorini ilitoka zaidi tumboni mwa dunia, kwa gesi za volkano na chemchemi moto za chini ya bahari. Zilifika baharini kwa njia tofauti, katika zama tofauti, kila moja ikiwa tayari ni ioni. Sodiamu iliyojipanga asubuhi hii kwenye kisahani cha mraba ilikwisha kupoteza elektroni yake mamilioni mengi ya miaka kabla. Ilimpa nani, hakuna daftari lililoandikwa. Klorini iliyo ubavuni mwake ilipewa na mwingine.

Zikiwa majini, kila ioni ilikuwa imezungukwa na molekuli za maji, ambazo upande mmoja zina uchanya kidogo na upande mwingine uhasi kidogo. Michael Faraday alipolitumia neno ioni mwaka 1834 alilichukua kutoka Kigiriki, likiwa na maana ya kitu kinachokwenda, na alikuwa akiwazia chembe zinazosafiri ndani ya maji umeme unapopita. Mswidi Svante Arrhenius alithubutu kusema zaidi katika tasnifu yake ya mwaka 1884: kwamba chumvi ikiyeyuka majini ioni huachana zenyewe, umeme uwepo usiwepo. Wasahihishaji wake wa Uppsala walimpa alama ya chini. Mwaka 1903 alipewa Nobel kwa wazo hilo. Unaweza kulithibitisha kwa betri za tochi, nyaya na balbu ndogo: nyaya ndani ya chumvi kavu, balbu imelala, ndani ya maji yenye chumvi nyingi, inaamka, kwa kuwa sasa ioni zina nafasi ya kwenda.

Mwenzetu wa dawati la nyuma alihesabu vizuri kuliko ubao. Punje ya chumvi haina ndoa hata moja ndani yake. Ina wageni waliokaribishwa na jua, kila mmoja amezungukwa na sita wasio wake, na wote wameshikana kwa nguvu ya kuhimili moto wa nyuzi 800. Usiku wa leo mama fulani atachota kijiko, atakitumbukiza kwenye mchuzi unaotokota, na maji yatawabeba mmoja mmoja kuanzia kwenye kona. Mchuzi ukikaukia kwenye ukingo wa sufuria, utaona ukungu mweupe pembeni. Wamejipanga tena, mmoja mmoja, na majirani wapya.